Ua la petali 47 limenitokea duara: kalkuleta ina ugonjwa au ni mimi?

Chaki_na_Vumbi

Salaam wakubwa kwa wadogo. Mimi nafundisha hesabu kidato cha tano na cha sita (S5 na S6) huku Tororo, Uganda. Wiki mbili zilizopita shemeji yangu alirudi kutoka Marekani, na badala ya viatu akaniletea kalkuleta ya kuchora grafu, TI-84 Plus. Imeshatumika, kioo kina mikwaruzo, lakini inawaka. Tangu siku hiyo mama watoto ananiuliza kama nimeoa mke wa pili.

Nimeng'ang'ania maua. Mlinganyo ni r = 4 sin(nθ), kwa koodineti za pola, yaani r ni umbali kutoka katikati na θ ni pembe. Siku ya kwanza niliaibika. Niliweka n = 2, nikabonyeza GRAPH, kikatoka kijistari kimoja kama unywele pale katikati, basi. Nilihangaika nusu saa nzima kabla sijaona kwamba mashine iko kwenye digrii, na dirisha linaishia θ = 6.28. Kumbe ilikuwa imetembea nyuzi sita na ushee tu ikasimama, badala ya mzunguko mzima. Nikaipeleka kwenye radiani, ambako 6.28 (2π) ndiyo mzunguko mzima, ua likafunguka. Likafunguka lakini limebonyea, maana kioo kina pikseli 96 kwa 64 na mimi nimeipa x na y kipimo kilekile, −10 hadi 10. ZSquare, amri ya kusawazisha vipimo vya x na y kwenye kioo, ikanyoosha mambo. X ikajitanua yenyewe hadi 15.16.

Baada ya hapo raha tupu. n = 2 petali nne, n = 3 petali tatu, n = 4 nane, n = 5 tano. Namba shufwa inazaa maradufu, witiri inazaa ilivyo. n = 7 ikatoa saba, ingawa zina pembe kama miiba.

Jana usiku utundu ukanizidi, nikaweka n = 47. Nilitegemea petali 47 zilizosongamana. Ikatoka duara. Duara safi, limening'inia chini ya mhimili wa x, kutoka sifuri hadi −4. Nimezima, nimewasha, nimeweka betri mpya nne. Duara. Nani ameshakutana na hili?

Boda_wa_Malaba

Mwalimu, petali 47 za nini, unafungua duka la maua? 😂 Peleka kwa vijana wa simu wakuflashie.

Waya_Tatu

Usiipeleke popote. Fungua WINDOW utusomee θstep imeandikwa ngapi.

Chaki_na_Vumbi

0.1308996 na mkia mrefu nyuma yake. Sijaigusa tangu niipate.

Waya_Tatu

Basi mgonjwa hayupo. Hiyo ni π/24, hatua inayotoka nayo kiwandani, sawa na nyuzi 7.5. Kaa vizuri, hili nalipenda.

Kalkuleta haichori ua. Inatafuta r pale θ = 0, inaweka nukta. Inaruka nyuzi 7.5, inaweka nukta nyingine. Halafu inaziunga mbili hizo kwa mstari mnyoofu, inaendelea. Yaliyopita katikati haiyajui na haiyaulizi. Ua lako la n = 7 lina petali zenye upana wa nyuzi 180/7, yaani 25.7 hivi. Kila petali imepata nukta tatu, nne ikibahatika. Miiba uliyoiona ni nukta tatu zilizoungwa kwa rula.

Sasa njoo kwa 47. Nukta ya k iko kwenye θ = kπ/24. Zidisha kwa 47:

47kπ/24 = 48kπ/24 − kπ/24 = 2kπ − kπ/24

Ile 2kπ ni mizunguko kamili, sin haina habari nayo. Kinachobaki ni sin(−kπ/24), ambayo ni −sin θ. Kwa hiyo kila mahali mashine ilipochungulia, ua lako lilikuwa sawasawa na r = −4 sin θ. Na r = −4 sin θ ni duara la nusukipenyo 2, kitovu chake (0, −2). Ndilo hilo linaloning'inia. Kila nukta iliyowekwa iko kweli juu ya ua lako, hata moja haijakosewa. Uongo uko kwenye kuunga.

Umeshaona video ya boda gurudumu likizunguka kinyumenyume wakati pikipiki inakwenda mbele? Mambo ni yaleyale. Kamera inapiga picha kwa vipindi, na kati ya picha moja na nyingine spoki imekaribia kufika alipokuwa mwenzake lakini haijafika, basi jicho linaiona imerudi. Wewe kila hatua umekaribia kukamilisha mzunguko, umepungukiwa π/24. Unaonekana unarudi.

Weka θstep 0.01, uwe na subira. Ukimaliza irudishe π/24, uweke n = 48, lakini kabla ya kubonyeza GRAPH tuandikie hapa unadhani kitatoka nini.

Boda_wa_Malaba

Eh, hilo la gurudumu nililiona kwa simu yangu mwenyewe nikadhani ni filta.

Chaki_na_Vumbi

Haya, nimejaribu. Kwa 0.01 nimebonyeza, nikaenda kufunga banda la kuku, nimerudi bado inatambaa. Imetoka donge jeusi kama mandazi iliyosahaulika kwenye mafuta. Nikapunguza dirisha mpaka ua lijaze kioo. Sasa pembeni vidole vinaonekana, katikati bado ni jiwe. Nadhani pikseli hazitoshi tu, petali 47 zote zinapita mlango mmoja.

Kuhusu 48: 48 × kπ/24 = 2kπ, sin yake sifuri kila mara. Natabiri hakitatoka kitu.

... Hakijatoka kitu! Petali 96 zimemezwa, nimebaki na mhimili wa x na wa y wananitazama. Nimecheka peke yangu mpaka mtoto ameamka.

S6_Arua

Nawasoma tu kwa wivu. Hiyo mashine huku hatuna, na hata ungekuwa nayo UNEB, baraza la mitihani la Uganda, haikuruhusu kuingia nayo, karatasi imeandikwa wazi kikokotoo kiwe hakina sauti na kisiwe cha kuprogramu. Mimi nina fx-991ES ya kuazima, haichori chochote. Sasa hiyo raha sisi tunaipata wapi?

Pi_Mwitu

Una simu si una simu? Desmos kwenye simu ni bure. Nimeandika r = 4 sin(47θ) sasa hivi, zimetoka zote, unavuta kwa vidole viwili unazihesabu moja moja. GeoGebra pia. Hizo kalkuleta za vitufe ni za kale.

Waya_Tatu

Pi_Mwitu, ni kweli, ila simu nayo inaweka nukta na kuunga. Imefundishwa tu kuweka nukta nyingi zaidi pale penye kona. Mwalimu amejifunza zaidi kwa mashine mbovu kuliko wewe kwa nzuri, usikasirike.

Pi_Mwitu

Sijakasirika. Nimekasirika kidogo.

Babu_wa_Mbale

S6_Arua, mjukuu wangu, nimefundisha hesabu miaka mingi kabla hata ya umeme kufika shuleni kwetu. Hiyo fx-991ES uliyoazima inatosha. Bonyeza MODE, kisha 7, inaitwa TABLE. Safu zake mwisho 30, ukizidisha inakataa, kwa hiyo ua la mwalimu usilisogelee. Lakini moyo utaupata.

Hakikisha iko kwenye digrii. Andika f(X) = 3(1 + cos X). Anzia 0, ishia 180, hatua 30. Utapata hivi:

0 → 6
30 → 5.598
60 → 4.5
90 → 3
120 → 1.5
150 → 0.402
180 → 0

Chukua karatasi ya grafu na protrakta. Weka alama katikati, chora mistari hafifu ya penseli kila nyuzi 30 kama spoki. Kwenye kila spoki pima sentimita zako: 6 kwa 0, 5.6 kwa 30, uendelee. Nusu ya chini ni kivuli cha nusu ya juu, usihesabu tena. Sasa kinachofuata ndicho kinachofanywa na kalkuleta ya mwalimu, tofauti ni kwamba wewe usitumie rula. Unga kwa mkono, taratibu, mkono uzunguke kutoka begani. Ukifika karibu na 180 utaona mstari unavyoingia ndani na kuchomeka kwenye kitovu kama ncha. Hapo kati ya 150 na 180 ongeza spoki za 160 na 170, maana ndipo watu wanapoharibu. Hapo r ni ndogo, mwanafunzi anadhani hapana kitu.

Umbo hilo ni kadioidi. Jina alilipa Castillon mwaka 1741, kutoka neno la Kigiriki la moyo.

Na kabla hujalala, mimina chai ya rangi kwenye kikombe cha chuma kinachong'aa kwa ndani, ukae karibu na dirisha. Juu ya chai utaona mwanga umejikunja ukafanya ncha. Wengi hukimbilia kusema hiyo ndiyo kadioidi. Sivyo. Mwanga ukitoka mbali, umbo lile ni la nefroidi, yaani figo. Ukitaka kadioidi, taa ndogo iwe pale pale kwenye ukingo wa kikombe. Niliwahi kubishana na mwenzangu kwa jambo hilo, na chai zetu mbili zikapoa.

S6_Arua

Babu nimechora!! Imetoka. Ila moyo wangu umelala ubavu, ncha inatazama kushoto.

Babu_wa_Mbale

Umechora sawa kabisa. Badili cos iwe sin na alama iwe ya kutoa: 3(1 − sin X), lakini sasa uende mpaka 360 maana kivuli kimehama upande. Utasimama. Chini utakuwa wa mviringo, hautachongoka kama wa kadi za wapenzi.

Pi_Mwitu

Wa kadi za wapenzi upo: x = 16 sin³t, y = 13 cos t − 5 cos 2t − 2 cos 3t − cos 4t. Huo nilimtumia mtu fulani. Hakujibu.

Boda_wa_Malaba

Pole. Kuna grafu ya mchawi? Nilisikia kuna mchawi kwenye hesabu.

Chaki_na_Vumbi

Yupo, na wala si mchawi. Maria Gaetana Agnesi, mwanamke wa Milano, alitoa kitabu chake cha hesabu mwaka 1748, na ndani yake umo mstari huu, umbo la kilima chenye mabega yanayoteremka polepole bila kugusa chini. Kwa Kitaliano aliuita versiera. Mwingereza John Colson alipotafsiri akaichanganya na avversiera, neno la jike la shetani, na mpaka leo kwa Kiingereza mama wa watu anaitwa mchawi kwa kosa la mtu mwingine.

Kwenye kalkuleta ni y = 8/(x² + 4). Kilele ni 2. Kwa dirisha la −10 hadi 10 kilima kinabaki chini kama kichuguu, kwa hiyo punguza y iishie 3. Eneo lote chini yake ni 4π, karibu 12.566. Niliiambia mashine ijumlishe kutoka −10 hadi 10, ikanipa 10.987. Nikatanua hadi 100 kila upande, 12.406. Yale mabega unayoyaona yamelala kabisa juu ya mhimili bado yameficha kitu.

Dada_wa_Jinja

Nimesoma uzi wote, na huyo Waya_Tatu amenikumbusha jambo la chuoni ambalo nimelibeba miaka.

Tulikuwa tunachora jani la Descartes, x³ + y³ = 3xy. Kwa parameta ni x = 3t/(1 + t³), y = 3t²/(1 + t³). Linatoka tanzi dogo zuri upande wa juu kulia, na mikia miwili inayokimbia, mmoja juu kushoto, mwingine chini kulia. Kwenye kalkuleta yetu ukatokea pia mstari mnyoofu umekata kioo mshazari. Aliyekuwa anatufundisha akasema: mnaona, mashine imewachorea na asimptoti, ule mstari ambao mikia inaukaribia bila kuufikia. Tukaandika kwenye daftari. Mashine imetuchorea asimptoti.

Mashine haijui asimptoti ni mdudu gani! t ikifika −1, chini kunakuwa sifuri na mkunjo unatoroka. Lakini kwa hatua ya π/24 kalkuleta haikanyagi −1 yenyewe. Inakanyaga −1.047, halafu −0.916. Ya kwanza iko (21.2, −22.2), ya pili iko (−11.9, 10.9). Ikaziunga kwa rula kama kawaida yake, ikapita katikati ya kioo.

Kilichonikera ni hiki. Asimptoti ya kweli ni x + y = −1. Jumlisha nukta hizo: 21.2 na −22.2 ni −1. −11.9 na 10.9 ni −1. Ule mstari wa makosa umelala juu ya asimptoti, jicho haliwezi kuvitenganisha! Mwalimu alikosea sababu, jibu likamtokea sahihi, na sisi tusingeweza kumkamata kwa kuangalia.

Waya_Tatu

Dada, hii nimeinuka kwenye kiti. Na haikuwa bahati. x + y = 3t/(1 − t + t²), ambayo karibu na t = −1 haitikisiki sana kutoka −1. Nukta yoyote iliyo jirani na pale itakuwa karibu na huo mstari, upande huu au ule. Ukiunga mbili, lazima ulale juu yake.

Weka kwenye DOT badala ya kuunga, mstari utatoweka, tanzi libaki.

Babu_wa_Mbale

Descartes mwenyewe mwaka 1638 aliutoa mkunjo huu kumjaribu Fermat, aone kama njia yake ya kutafuta tanjenti itafaulu. Ikafaulu. Descartes hakupenda.

Boda_wa_Malaba

Dada wa Jinja, lile daraja jipya la Nile zile nyaya ni parabola? Kila nikipita na mteja nawaambia ni parabola.

Dada_wa_Jinja

Kaka, rudisha pesa za watu 😂 Daraja lile la mita 525, lililofunguliwa 2018, limeshikwa na nyaya zilizovutwa moja kwa moja kutoka kwenye minara. Zimenyooka. Ukitaka mkunjo angalia waya wa umeme kati ya nguzo mbili unavyolegea, huo ni katenari, y = a cosh(x/a). Galileo aliona unakaribiana na parabola, mpaka 1691 ndipo Leibniz, Huygens na Johann Bernoulli wakaupata mlinganyo wake wenyewe.

Boda_wa_Malaba

Basi nitasema katenari. Wateja hawajui.

Dada_wa_Jinja

ZIMENYOOKA.

Chaki_na_Vumbi

Ripoti ya leo. Nimeipeleka darasani, S5. Wako wengi, kioo ni kidogo kuliko kadi ya simu, kwa hiyo nilikaa nayo mezani, wakawa wanakuja wanne wanne, na mimi nakopi ubaoni kwa chaki kila kinachotoka.

Nikawapa 47, wakaona duara la chini. Nikawaeleza kama alivyoeleza Waya_Tatu, nikiwa na 48 kwenye ubao. Hapo hapo kijana mmoja akasema: basi 49 ni duara la juu, maana imezidi badala ya kupungua. Tukabonyeza. Duara la juu, limekaa juu ya mhimili kama sufuria juu ya figa. Darasa likapiga meza.

Nikasema haya, 50, ambayo kwa haki yake ina petali 100. Kimya. Halafu binti wa mstari wa nyuma, ambaye muhula mzima sijamsikia, akasema bila kuinua kichwa: "Nne, mwalimu. Imezidi mbili." Zikatoka nne, lile lile ua langu la siku ya kwanza.

Ndipo mtundu mmoja akaomba 23. Imetoka kitu kama kamba za kitanda zilizosukwa juu na chini, mistari inavuka inarudi, na ukikaza macho kingo zake ni maduara mawili, moja juu moja chini. Wamegawanyika. Wengine wanasema ni ua la kweli kwa vile 23 ni ndogo kuliko 24, wengine wanakataa. Nimewapa mpaka Ijumaa waje na hesabu. Waya_Tatu, webale nnyo, asante sana, lakini tafadhali usijibu hapa kabla ya Ijumaa, kuna wawili wamepata data na wanausoma uzi huu.